Miguu ya Mvuvi, Nyakato

Basi lilipaswa kutushusha Nyegezi, Mwanza, saa nne usiku. Tulishuka alfajiri, magoti yamekufa ganzi, baada ya kukaa kando ya barabara mbele ya Shinyanga tukisubiri kipuri kiletwe kwa bodaboda. Nauli haikupungua hata shilingi moja. Gesti niliyoelekezwa Kirumba walitaka 35,000 kwa chumba ambacho bomba lake lilitoa hewa tu, na nilipouliza maji ya kuoga nikaambiwa ndoo ya moto ni 2,000, ya baridi 1,000. Ziwa liko hapo chini, unasikia wavuvi wakiitana! Nililipa, maana nilikuwa shangazi wa bibi harusi na shangazi haendi ukumbini na vumbi la barabara ya Singida mwilini.

Harusi ilifana. Sato walikuwa wakubwa, watu walicheza mpaka usiku mwingi, na mtoto wetu amepata mume mwenye adabu. Hayo ya kifamilia yaishie hapo, kwa sababu kilichonifanya niandike kilinikuta siku iliyofuata, barabara ya Musoma, nikiwa kwenye daladala kuelekea Igoma.

Mvua ya Mwanza haipigi hodi. Daladala lilikuwa limejaa na dirisha la upande wangu halikuwa na kioo, nikaamua kushuka Nyakato na kukimbilia kibanda cha bati kilichokuwa wazi upande mmoja. Nikajibanza. Nilipogeuka kukamua mtandio nikaona miguu miwili ya mtu imetokeza kwenye magunia yaliyolowa, nyayo zimenielekea, vidole vimetawanyika, visigino vimepasuka. Nilipiga ukelele. Watu waliokuwa wamejikinga duka la jirani walicheka, ndipo mzee mmoja akatokea nyuma ya rundo la mchanga, mwiko mkononi.

"Ingia ndani mwanangu, usiogope. Huyo bado hajazaliwa."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sogea huku, hapo unavujiwa."

Alikuwa fundi sanamu, na aliyelala chini ya magunia alikuwa mvuvi wa saruji, kimo chake kukaribia mara mbili ya mtu, aliyeagizwa na watu wa kata moja akasimamishwe njia panda. Kichwa kilikuwa peke yake juu ya pipa. Mvua ilinyesha muda mrefu, nami nilikaa hadi jua likarudi na nikaendelea kukaa.

Nilianza kwa swali ambalo nadhani kila mgeni angeuliza: mji mzima umekalia mawe, majabali yamepandana hadi milimani, kwa nini ahangaike na saruji? Mzee alinipa nyundo na patasi, akanionyesha jiwe la mlangoni. Nilipiga. Patasi iliruka, jiwe likabaki na alama nyeupe ndogo. Akasema hiyo ni graniti, ncha ya patasi ya kawaida inalala baada ya mapigo machache, na anayetaka kuichonga sura ya mtu anahitaji patasi zenye ncha ngumu maalumu, mashine ya kusaga, na mteja atakayesubiri. Wateja wake hawasubiri. Wanataka sanamu isimame kabla ya ziara. Kwa hiyo graniti ya Mwanza inaingia kwenye kazi yake kwa njia ya kokoto, zile wanazoponda akina mama kwa nyundo kando ya barabara, na zote zinaishia kwenye msingi.

Juu ya msingi kuna mifupa. Nondo nene zinapita miguuni na kupanda mgongoni, nyembamba mikononi, zimekazwa kwa waya, kisha zinavishwa wavu wa kuku tabaka mbili tatu. Mchanganyiko wa kwanza wa saruji na mchanga unasukumwa kwa vidole mpaka upenye wavu na kuushika. Ya juu kabisa, anayoiita ngozi, inapakwa kwa mchanga uliochekechwa, na hapo fundi ana saa chache tu za kuchonga mshipa, kucha na mkunjo wa goti kabla saruji haijamkatalia. Nondo lazima izame ndani. Ikikaa karibu na uso, unyevu unaifikia, inashika kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi inaisukuma saruji kutoka ndani mpaka inapasuka. Alinionyesha mkono wa sanamu ya zamani aliyoletewa kutibu. Ufa ulifuata nondo kutoka bega hadi kiganja.

Magunia je? Nilidhani anaificha kazi isiibwe. Kumbe saruji haikazwi na jua, inakazwa na maji. Ikikauka upesi inabaki dhaifu na kutoa nyufa, kwa hiyo anailowesha asubuhi na jioni, siku 7 zikiwa chache sana, na hategemei nguvu yake kamili kabla ya siku 28. Watu wa kata walikuwa wamempigia simu asubuhi ile kuuliza kwa nini kazi "imelala". Nusu ya malipo bado wanayo wao, na bei ya mfuko wa saruji imepanda tangu wapatane. Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepandisha.

Kichwa juu ya pipa kilinitia wasiwasi. Kilikuwa kikubwa mno kwa mwili ule, paji limesukumwa mbele, na macho yalikuwa na matundu mawili yenye kina cha kidole. Mzee aliniamuru nichuchumae karibu kabisa na pipa, nitazame juu. Paji likarudi nyuma. Uso ukawa wa mtu. Watu wataiona sanamu kutoka chini, akasema, na kichwa chenye kipimo cha kweli kikikaa juu ya nguzo kinaonekana cha mtoto. Lazima ukidanganye kipimo ili jicho lipate ukweli. Tundu nalo ni mboni. Saruji ina rangi moja, haina weusi wa jicho, hivyo fundi anachimba shimo na kukiachia kivuli kifanye kazi hiyo. Jua likitembea, mvuvi atakuwa anageuza macho.

Miguu aliipata Mwaloni, kule soko la samaki. Alimwomba mvuvi mmoja mzee akanyage udongo laini, kisha akapima kila kidole kwa uzi. Miguu ya mtu aliyesimama maisha yake yote kwenye mtumbwi unaoyumba haifanani na ya dereva, aliniambia. Vidole vinafunguka kutafuta ubao. Nikaitazama tena ile miguu iliyonitoa roho, na kweli, ilikuwa imeshika kitu.

Aliponiuliza kwetu ni wapi nikamwambia Dar es Salaam. Akafurahi. "Basi unamfahamu Askari." Namfahamu, ile sanamu ya askari Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, nimepita pale Samora miaka na miaka nikienda kazini. Akataka nimweleze mikunjo ya kaptula yake ikoje. Sikuweza, akanieleza yeye, ambaye alifika Dar ujanani na kumzunguka yule Askari mpaka polisi akamuuliza anatafuta nini.

Ile ni shaba, ndugu zangu, iliyozinduliwa mwaka 1927, na aliyeifinyanga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyekuwa akitia sahihi ya Myrander kwenye kazi zake. Ilimiminwa Westminster, London. Fundi wa shaba hufinyanga kwanza kwa udongo, akatoa kalibu, ndani ya kalibu akapaka nta, nta akaizungushia udongo unaostahimili moto, kisha akaichoma mpaka nta ikatiririka nje na kuacha uwazi. Humo ndimo shaba yenye joto la zaidi ya digrii 1,000 inamwagwa. Kabla yake, mjini humohumo, alisimama gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, juu kabisa, na askari Mwafrika chini miguuni pake akimtazama. Waingereza walimng'oa, akapelekwa Hamburg, akasimamishwa huko mwaka 1922, na wanafunzi wa chuo wakamwangusha 1968. Mzee alilisimulia hili akichora kwa kijiti mchangani: mtu juu, mtu chini, halafu mtu mmoja, peke yake, amepanda juu.

Mwafrika aliyepanda juu hana jina. La fundi wake tunalo. Ndivyo alivyosema, nami nimekuwa nikiligeuza jambo hilo kichwani tangu siku ile. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walitoka huku kwa Wasukuma na Wanyamwezi.

Tulikwenda Igoma pamoja, kwa bajaji iliyotutoza 5,000 kwa umbali ambao daladala lingetuchukua kwa senti chache. Ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo, kwenye makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, tarehe 21 Mei 1996. Walikufa watu wanaozidi 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Dada yake mzee alipandia bandari ya Kemondo, daraja la tatu. Alisimama mbele ya mnara kwa dakika chache, kisha akainama kuchunguza msingi, akapitisha kidole kwenye maungio.

Huko ndiko alikoniambia linalomsumbua. Sanamu ikishazinduliwa, fundi hahitajiki tena. Mwenge unakuja, kiongozi anakuja, mtu wa rangi anatumwa. Anapaka rangi ya mafuta juu ya ile ya mwaka juzi, na ya mwaka juzi iko juu ya nyingine. Midomo inajaa. Mikunjo ya nguo inajaa. Matundu ya macho yanazibwa, na sanamu inapofuka. Baadaye watu husema fundi hakujua kazi. Nilikumbuka simba, samaki na mashujaa niliowaona kwenye mizunguko ya barabara kuanzia Dar hadi huku, wale tunaowacheka kwa nyuso zao za uji, na nikaona aibu kwa niaba ya wote tunaocheka.

Nilimwambia aandike jina lake. Uganda wanajua kwamba mama anayeinua mtoto pale Kampala, mnara wa uhuru wa 1962, ni kazi ya Gregory Maloba. Nairobi, Kimathi aliyesimamishwa mwaka 2007 ni wa Kevin Oduor. Kwa nini yeye asitajwe?

Akatoa karatasi mfukoni, maneno ya kibao cha marumaru aliyopewa na watu wa kata akayachonge. Imezinduliwa na, nukta nyingi, mgeni rasmi bado hajapatikana. Tarehe, nukta. Wafadhili, majina kamili. Nilichukua kalamu kwenye mkoba nikaongeza mstari chini: Fundi, na jina lake. Aliusoma, akaikunja karatasi.

"Huo wataufuta, mwanangu. Sifa waichukue. Lakini namba ya simu nitaichimba kisiginoni, ndani kabisa rangi isifike. Akipasuka, wajue wa kumpigia."