Mlango wa wageni, Batang Ai

Kabla hatujaondoka Kuching, mji mkuu wa jimbo la Sarawak, Malaysia, kisiwani Borneo, rafiki yangu wa chuo, Mwiban mwenyewe, yaani wa kabila la wenyeji wa huko, alinisisitizia jambo moja: zawadi nitakayonunua iwe ya kugawanyika. Ukifika na keki moja kubwa umeleta kesi. Waiban hukaa familia nyingi ndani ya nyumba ndefu moja, kila familia na mlango wake. Zawadi hukabidhiwa tuai rumah, mkuu wa nyumba, naye huigawa kwa hesabu ya milango, kila mlango sawa na mwenzake. Basi tukabeba sukari, kahawa na biskuti za pakiti, tukashika njia ya Batang Ai, zaidi ya saa nne kwa gari, karibu na mpaka wa Indonesia.

Gari linakomea ziwani. Ziwa lenyewe ni la bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1985, na wenyeji wakikuonyesha maji wanakutajia mabonde yaliyozama na nyumba zilizohamishwa. Toka hapo ni mtumbwi mrefu wenye injini nyuma. Mto ukipungua kina, aliye mbele anasimama na kupiga pondo.

Nyumba ndefu ukiiona kutoka majini ni jengo moja tu la mbao na bati, limeinuliwa juu ya nguzo, limelala sambamba na mto. Ndani limegawanywa kwa urefu. Upande mmoja ni bilik, makazi ya kila familia na mlango wake. Upande wa pili ni ruai, ukumbi usiokatwa na ukuta toka mwanzo wa nyumba hadi mwisho, kama vile baraza zote za mtaa zimeunganishwa zikafunikwa paa moja. Mbele yake kuna tanju, jukwaa la wazi la kuanikia. Hakuna anayekutajia urefu wa nyumba kwa mita. Wanahesabu milango, na yetu ilikuwa na ishirini na kitu.

Nilichokipenda ni hiki: kila familia ndiyo inayojenga na kutunza kipande cha ruai kilicho mbele ya mlango wake. Unatembea unaona kabisa mbao zinavyobadilika, hapa mpya, pale zimesuguliwa na nyayo mpaka zinang'aa, mbele kidogo zinalia kila ukikanyaga. Lakini hakuna wa kukuuliza unapita kwenda wapi. Bilik ndiyo huingii mpaka ukaribishwe.

Milango kadhaa ilikuwa na kufuli. Vijana wako Kuching, Miri, wengine Singapore. Desturi yao ya mwanamume kwenda mbali kutafuta maisha, bejalai, ni ya zamani kuliko viwanda vya leo. Gawai, sikukuu ya mavuno, ikifika, tarehe 1 Juni, makufuli yanafunguliwa yote.

Watalii wengi hupenda kuulizia mafuvu ya maadui waliokatwa vichwa enzi za vita vya zamani. Ndiyo, yapo baadhi ya nyumba, yananing'inia kwenye ruai ndani ya nyavu za henzerani, meusi kwa moshi. Sikuyafuata hayo.

Mimi ni Muislamu, na Waiban wengi ni Wakristo wanaofuga nguruwe na kutengeneza tuak, pombe ya mchele. Nilikwenda na wasiwasi wa masufuria. Kumbe jibu lilikuwa kwenye mianzi. Samaki wa mtoni alikatwa, akatiwa ndani ya mwanzi mbichi pamoja na tangawizi na mchaichai, mdomo ukazibwa kwa majani, ukaegemezwa motoni. Mwanzi ukishatumika hautumiki tena. Sufuria gani safi kuliko hiyo? Nikala na wali na mboga ya midin, majani machanga ya aina ya kangaga, nikaongeza.

Tuak ilipozunguka, bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanionyesha: gusa glasi kwa ncha za vidole, basi. Kwao kukataa chakula au kinywaji bila kukigusa ni kujitafutia balaa njiani, hata kuumwa na nyoka. Nikagusa, yeye akainywa kwa niaba yangu, watu wakacheka, mambo yakaendelea.

Usingizi? Mdogo. Tulitandikiwa mikeka na chandarua pale pale ruai, na Waiban hufunga majogoo wao wa kupigana kando ya ruai hiyo hiyo. Jogoo akiwika hatua mbili kutoka sikioni mwako hungoji simu ikuamshe. Kwa alfajiri ilibidi nijipange: kwetu Tanga kibla ni kaskazini, kule ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini.

Kulipokucha nikamkuta yule bibi, ambaye wote walimwita Ini nami nikamwita hivyo, anageuza pilipili manga kwenye mikeka ya tanju. Hapo nikakaa. Nimezaliwa Amani, Muheza, baba yangu ana pilipili manga shambani. Sisi tunaipandisha kwenye miti hai. Wao wanaipandisha kwenye nguzo za belian, mti mgumu kama chuma usioliwa na mchwa. Nyeusi wanaifanya kama sisi, unachuma mbichi unaianika mpaka isinyae. Nyeupe ndiyo iliyonishangaza. Wanasubiri punje zianze kuwa nyekundu, wanazitia gunia, gunia linalazwa kwenye kijito wiki moja au zaidi mpaka ganda lioze, kisha linakanyagwa na kuoshwa. Ini alinisogezea kiganja ninuse. Harufu ya gunia hilo, jamani! Lakini punje zilitoka nyeupe kama mchele, na bei yake iko juu ya nyeusi.

Nilipopata mtandao nikampigia baba, nikamweleza hatua kwa hatua. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza usiku gunia linalindwa na nani. Nikamwambia hakuna, liko mtoni tu, kila mlango unajua ni la nani.

"Wiki nzima?" akasema. "Basi mwanangu, sisi tuendelee na nyeusi."