Gari Linalopumua Usiku

Usiku ukishatulia, gari lililozimwa tangu magharibi hupumua. Psss moja fupi, kisha kimya. Asiyelijua hutoka na tochi akidhani tairi inatoa upepo. Ni Land Rover Discovery 3 au 4, inayokaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi, inajisawazisha. Kompyuta ya sasipenshi huamka yenyewe saa chache baada ya gari kuzimwa, halafu kila baada ya saa sita, inapima kimo cha pembe zote nne, na ikikuta moja imeshuka inapunguza hewa ya zile tatu mpaka zilingane na iliyo chini kabisa. Kupandisha haipandishi, kwa sababu injini haiwaki. Kwa hiyo mfuko mmoja wa hewa unaovuja polepole utalilaza gari zima. Asubuhi unalikuta limepiga magoti kama ngamia, fundi anatazama mara moja na kutamka kwamba mifuko yote minne imekufa.

Umekufa mmoja. Njia ya kuujua ni futi ya fundi cherehani na fyuzi moja. Jioni egesha mahali tambarare, pima kila pembe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, andika. Chomoa fyuzi ya sasipenshi (kitabu cha gari kinaonyesha ilipo) ili kompyuta isiamke, ulale. Asubuhi pima tena. Pembe iliyoshuka peke yake ndiyo inayovuja. Nyunyizia maji ya sabuni mahali bomba linapoingia juu ya mfuko, kisha kwenye mpira wenyewe unapojikunja. Mara nyingi tatizo ni kiungo cha bomba, kitu kidogo kabisa. Zikishuka mbili za mbele kwa pamoja, au mbili za nyuma, anza kushuku bloku ya valvu inayogawa hewa upande huo kabla ya kununua mifuko miwili.

Kinachoniudhi watu wanapobishana ipi bora, Disco (yaani Discovery) au Toyota Prado, ni kwamba uwezo wa Disco unawekwa upande mmoja na usumbufu wake upande mwingine, kana kwamba vilinunuliwa maduka tofauti. Vimetoka kwenye bomba moja la hewa. Kwenye kimo cha kawaida tumbo la Disco 3 au 4 liko kama milimita 185 kutoka ardhini. Bonyeza swichi, linafika 240, na hapo kiwanda kinaruhusu maji ya milimita 700, yanayofika mapajani mwa mtu mzima. Gari lenye sasipenshi huru kwenye magurudumu yote kwa kawaida huning'iniza mguu hewani likivuka korongo mshazari, na mguu ulioning'inia hauna kazi. Hapa valvu ya katikati hufunguka na kuunganisha mfuko wa kushoto na wa kulia: gurudumu moja likisukumwa juu, hewa yake inahamia kwa mwenzake na kumkandamiza chini atafute udongo. Ni ufundi mzuri sana, na wote unategemea raba, silika na relei (swichi ya umeme ya kuwasha kompresa) ya bei ya chai na chapati.

Tuanze na silika. Kompresa, yaani pampu ya hewa, iko chini ya gari, upande wa kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma, ndani ya kifuniko cha plastiki. Mahali pabaya zaidi kwa vumbi hakuna. Hewa inayovutwa hupita kwenye chembe za silika zinazonyonya unyevu, na chembe hizo zikichoka husagika kuwa unga mweupe unaoingia kwenye valvu na kuzigandisha. Ringi ya pistoni nayo huisha, kompresa inajaza polepole, inapata moto, inajizima kujiokoa, na dashibodi inakuambia gari halitapanda. Gari la rafu rodi, tuseme linalokwenda Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kupitia Engaruka mara kwa mara, linataka silika mpya na kichujio kipya cha hewa kila miaka miwili hivi. Kompresa nzima hunguruma kidogo ukiwasha, kisha hunyamaza. Ikinguruma kila unaposimama kwenye foleni, kuna mahali panavuja, na ukifunga kompresa mpya bila kuziba uvujaji umenunua ya kuunguza. Relei ibadilishwe kila kompresa inapobadilishwa. Ikigandana ndani inaiacha kompresa ikiwaka bila kupumzika mpaka iungue. Disco 3 ilitoka na Hitachi. Baadaye ikaja AMK, na mtu akihama kutoka moja kwenda nyingine lazima kompyuta ya gari ielezwe, si kufunga boliti tu.

Wapo wanaong'oa yote na kufunga springi za chuma. Nawaelewa, hasa wa mbali na mjini. Ila gari hilo sasa lina kimo kimoja, mvuko mmoja wa maji, na uzito wa tani mbili na nusu. Kwa kazi hiyo yako magari mepesi na rahisi zaidi.

Nyuma ya mkono wa gia kuna kitufe cha kuzungusha cha kuchagua aina ya ardhi: kawaida, majani na kokoto, matope, mchanga, miamba (huu wa mwisho hukubali ukiwa kwenye gia za chini tu). Kinabadilisha mwitikio wa pedali ya mafuta, gia, kufungwa kwa difu na ukali wa breki za kuzuia kuteleza. Hakibadilishi tairi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ukilowa, tairi ya lami ya 255/55R19 inajifinyanga mara moja ikawa mtungi, na kompyuta yote iliyomo haina la kufanya. Ukuta wa tairi hiyo ni milimita 140 tu. Disco 3 ya dizeli ya lita 2.7 inakubali rimu ya inchi 17, na 235/70R17 inakupa ukuta wa milimita 165. Kwa barabara ya mawe tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama rimu itapinda. Disco 4 ya lita 3.0 ina breki kubwa, rimu ya 17 haiingii. Kwenye mchanga mlaini punguza upepo hadi psi 18 hivi na uzime ule mfumo wa kuzuia kuyumba, maana unakata nguvu wakati ule ule unapoihitaji. Ukirudi lami jaza: 36 mbele, 42 nyuma ukiwa na mzigo.

Injini ndiyo sehemu ya huzuni. Dizeli hizi za V6, 2.7 na 3.0, ni laini na zina nguvu, 3.0 inafika Nm 600 za nguvu ya kuzungusha. Halafu siku moja, kwenye mwendo wa kawaida, kranki, chuma kinachozungushwa na pistoni, inakatika. Beringi zake hazina ule ulimi wa kuzishikilia mahali pake. Ikigeuka moja, tundu la oili linazibwa, chuma kinasuguana na chuma kikavu, basi. Taa ya onyo mara nyingi huja ikiwa imechelewa. Mafundi hubishana kuhusu sababu ya kwanza, lakini kinachoongeza hatari kinajulikana. Ratiba ya Uingereza kwa 2.7 ilisema oili kila maili 15,000, yaani kilomita 24,000. Hiyo ni ratiba ya mtu anayelikodi gari miaka mitatu na kulirudisha. Gari hilo hilo liliposhuka meli Mombasa au Dar likiwa na miaka saba, wewe ndiye unayekula matunda ya ratiba ile. Badilisha kila kilomita 8,000, kwa oili yenye namba ya viwango inayotakiwa na injini yako, siyo "5W-30" yoyote iliyo kwenye rafu.

Zile zenye chujio la masizi kwenye eksozi zina mtego wa ziada. Chujio likijaa, injini hupuliza dizeli ya ziada ili kuyachoma masizi, na kazi hiyo inahitaji mwendo wa barabara kuu kwa dakika ishirini hivi bila kukatizwa. Gari la foleni za Nairobi halipati dakika hizo. Linaanza, linakatizwa, linaanza tena, na dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya maji. Ukiona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka usifurahi. Mwaga siku hiyo hiyo.

Mikanda ni miwili: wa mbele wa taimingi, na wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, ambao mafundi wengi husahau kuutaja. Kiwanda kilisema kilomita 168,000 au miaka 7 kwa 2.7, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa, na gari lililoagizwa kwa kawaida limeshapitisha miaka. Kwenye 2.7 za mwanzo, wakati mkanda uko nje, badilisha na pampu ya oili. Kikaza mkanda kimeshikwa kwenye ukingo wa pampu hiyo, ule wa zamani ulikuwa dhaifu, ukivunjika mkanda unaruka na valvu zinapigwa.

Mengine ni ya kawaida ila yana hila zake. Bushi za mikono ya chini mbele huisha, tairi zinalika upande wa ndani, usukani unatangatanga ukifunga breki. Boliti zake huota kutu ndani ya bushi, hazitoki kwa nyundo wala kwa dua. Huwa zinakatwa kwa gurainda, kwa hiyo nunua boliti mpya pamoja na mikono, zipake grisi ya shaba, na kaza mwisho gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, vinginevyo bushi mpya itachanika mapema. Gia boksi, iliyotengenezwa na kampuni ya ZF, iliuzwa kwa maneno "oili ya maisha". ZF wenyewe wanashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu yake (bakuli la oili) ni ya plastiki na filta imo humo humo, hivyo hubadilishwa nzima, na kipimo hutazamwa injini ikiwaka, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50.

Na zikiwaka taa zote kwa pamoja, ya sasipenshi, ya mfumo wa kuteremka mlima, ya kitufe cha ardhi, usikimbilie kununua. Pima betri kwanza: volti 12.6 gari likiwa limelala ni nzuri, chini ya 12.2 inaleta uongo mwingi. Kisha swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedali, kitu cha bei ndogo ambacho kikichakaa kinawachanganya wote. Ukiifunga mpya usiguse pedali mpaka imekaa.

Hendibreki ya umeme ikipiga kelele kama msumeno, viatu vyake vimejaa vumbi au havijarekebishwa, na mota inajivunja meno ikilazimisha. Vifunguliwe, visafishwe, virekebishwe kila mara unaposafiri kwenye matope. Ikigoma kabisa kuachia, kuna waya wa dharura chini ya kisanduku cha katikati ya viti. Utafute mchana, nyumbani, ukiwa na bisbisi mkononi, ujue unavutwa upande gani.