Doti ya skopu kuzimika porini: nilivyohangaika nayo mpaka ikatulia

Niko Arusha, natunza vifaa kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, yaani skopu (ile darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki), darubini, vipima umbali, betri, chaja, vyote viko stoo kwangu na vikienda kitaluni, yaani eneo letu la kuwindia, mimi ndo nasaini. Naandika hii kwa sababu nimehangaika misimu miwili na hivi vidude vya umeme vya juu ya bunduki, na najua kuna wenzangu hapa Arusha na Moshi wanahangaika na kitu kilekile, wanafikia hadi kuagiza skopu nyingine wakati shida ni kibetri cha buku.

Iliyoninyima usingizi ni jioni moja kitaluni chini ya mlima Gelai, upande wa Natron. Mgeni yuko kwenye kibanda cha kujifichia na mwindaji bingwa wetu (sisi tunamuita Mzee tu) na askari wa wanyamapori, chui dume akaja kwenye chambo jua limeshazama, mwanga umebaki wa dakika chache, na usiku sheria hairuhusu kuwinda, kwa hiyo ni hapo au basi. Mgeni anaweka jicho kwenye skopu, doti nyekundu, ile nukta ya taa ya kulengea, haipo. Msalaba upo, ule umechorwa kwenye kioo hauhitaji betri, ila msalaba mweusi juu ya chui aliyekaa kivulini kwenye mti mweusi huoni unagusa bega au tumbo. Mzee akamshika mkono akamwambia asipige. Nashukuru mpaka leo, maana chui akijeruhiwa lazima afuatwe kichakani kwa miguu na anayetangulia ni traka, yule mfuata nyayo, na traka wetu ni jirani yangu wa Sakina, watoto wake wanacheza na wangu.

Kesho yake Mzee kapanda kilimani kutafuta mtandao kanipigia. Nikamwamkia, akaitika, akasema, "Mwanangu, hii taa yenu itatuzikia mtu." Nikamwambia nisamehe Mzee, naishughulikia.

Skopu iliporudi mjini nikatoa kibetri, ni ile CR2032 ya mviringo ya milimita 20, nikapima na multimita, volti 3.0. Nzima kabisa! Nikaweka kingine kipya, doti ikawaka, nikairudisha kambini nikijua nimemaliza kazi. Haikufika wiki, wakati wa kulenga shabaha, risasi ya pili tu doti ikazima tena.

Hapo ndo nikaenda kwa chalii mmoja fundi redio Ngarenaro, nilichukua skopu peke yake bila bunduki, akanicheka kidogo kuhusu hiyo multimita. Akanielewesha kwamba betri za lithiamu za hivi zinashikilia volti yake karibu mpaka mwisho wa uhai, ukiipima ikiwa haifanyi kazi yoyote inakuonyesha nzima, ibebeshe mzigo uone. Akanipa rizista (kidude kinachokula umeme, ndo mzigo wenyewe) ya ohm 470, unaiunga kwenye betri huku unapima, unahesabu sekunde tano. Tukapima boksi langu lote la stoo. Nzuri zilibaki kwenye 2.9 hivi, zingine zilianguka chini ya 2.5 hapohapo, na hizo nyingi nilinunua barabarani kwenye kadi ya tano kwa bei ya kutupa. Nilizitupa zote siku hiyo na nikaumia kwa kweli, nilikuwa nazipeleka porini miaka yote.

Ila betri ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni mahali inapokaa. Kwenye skopu nyingi zenye doti betri iko ndani ya kile kinobu cha kushoto, imesimama kwa ubavu, na bunduki kubwa ya .375 ikipigwa inaruka nyuma kwa nguvu, kibetri kina uzito wake kinataka kubaki, kikipata nafasi hata ya unywele kinateleza, umeme unakatika kwa muda mdogo mno ambao hata huuoni lakini saketi inauona, inajizima na haijiwashi tena mpaka uzungushe kinobu. Nilichofanya: bolti ya bunduki imetolewa, chemba inapokaa risasi imeangaliwa na watu wawili, nikafungua kinobu nikakuta vumbi la kule, lile jeupe laini kama unga, limeshikamana na mafuta ya vidole. Nikasugua mabati ya kugusia kwa raba ya penseli, nikafuta na spiriti ya famasi kwenye pamba ya masikio, nikainua kidogo kile kibati cha springi kwa kijiti cha meno (taratibu, kikikatika hamna spea), nikafunga mpaka ile ringi ya mpira ikakaa. Betri siku hizi naishika kwa kitambaa. Na zile zilizopakwa dawa chungu kuzuia watoto wasizimeze sinunui za kazi hii, ule upako kwenye baadhi ya vifaa unazuia umeme usipite vizuri, kwa nyumbani kwenye watoto ni nzuri lakini.

Baada ya hapo skopu nyingi zikatulia, moja ikagoma. Betri mpya inatoka Arusha imepimwa na mzigo, inafika kambini, siku chache tu imechoka. Hii ilinisumbua kuliko zote, nikadhani kuna shoti ndani. Nikaja kugundua siku nimepanda gari mwenyewe, tumetoka lami ya Longido tukaingia ile barabara ya mawimbi kuelekea Ketumbeine, nikafungua begi la bunduki tulipopumzika nikakuta doti inawaka! Baadhi ya hizi za kisasa zina kisensa cha mtikisiko, zikikaa kimya zinajizima zenyewe, ukizigusa zinaamka, sasa gari linatikisika masaa yote hayo na yenyewe inadhani mtu ameishika, haikulala hata dakika. Tangu siku hiyo hakuna betri inayosafiri ndani ya skopu, zinakaa kwenye kikopo changu cha plastiki kila moja peke yake zisigusane, zinaingizwa kambini na bunduki inapigwa shabaha tatu kabla ya mgeni kwenda popote. Doti ikizima kwenye hizo tatu, skopu haitoki kambini, na Mzee ananiunga mkono kwa hilo hata mgeni akikasirika.

Vipima umbali vya leza navyo kwa kifupi: mara nyingi siyo vibovu. Kimoja kilikuwa kinasoma mita 38 wakati mti wa chambo uko mita 65, kumbe leza inagonga majani yaliyo katikati ya kibanda na mti, na vumbi likiwa hewani ni hivyohivyo. Sasa umbali wa chambo tunapima mchana kwa futi kamba, unaandikwa kwenye kadi, kadi inabandikwa ndani ya kibanda.

Daftari langu nimeligawa kila skopu na ukurasa wake, betri imeingia lini, imesoma ngapi na mzigo, risasi ngapi tangu kinobu kifunguliwe. Msimu uliopita zote zilikaa isipokuwa moja ambayo nilisafisha, nikabadilisha, nikainua springi, bado ikipigwa inazima. Hiyo naamini ni kiungo cha solda ndani kimepasuka, na mwili wa skopu ukiufungua ile gesi kavu iliyojazwa inatoka halafu kioo kinaanza kuvuta ukungu, kwa hiyo sijaigusa. Imerudishwa kwa waliotengeneza na bunduki yake inatumia shabaha ya chuma, ile ya kwenye mtutu, mpaka ijibiwe.