Mpaka wa 1639 haukuwa mstari

Bado naona watu wakiandika kwamba mpaka wa Iraki na Iran ulichorwa kwenye Mkataba wa Zuhab, 1639. Hakuna kilichochorwa. Mkataba ule uligawa ngome, vijiji na makabila: Waosmani, watawala wa Uturuki, wabaki na Baghdad, aliyoitwaa Sultani Murad IV Desemba 1638, Wasafavi, watawala wa Uajemi (Iran ya leo), wabaki na Yerevan. Baadhi ya ngome za milimani zikaamriwa zibomolewe, asijichimbie mtu humo.

Shida ni makabila. Wafugaji wa Kikurdi hupandisha mifugo milimani kiangazi, baridi ikianza hushuka bondeni. Kabila lililoandikwa la Sultani linalisha kwa Shah, mfalme wa Uajemi, nusu mwaka. Sasa kodi anakusanya nani? Ugomvi wa hivyo uliendelea karne mbili na zaidi.

Kwangu mimi, Mkataba wa Amasya wa 1555 ulifikiriwa vizuri zaidi. Georgia ilikatwa vipande viwili, magharibi kwa Waosmani, mashariki kwa Shah Tahmasp. Mahujaji wa Kiajemi wakafunguliwa njia ya Makka, Madina, Karbala na Najaf, kwa sharti Wasafavi waache kuwalaani makhalifa watatu wa mwanzo.

Ahadi za mali ndizo zilizovunjika upesi. Mwaka 1612 Shah Abbas alikubali kuwapelekea Waosmani mizigo 200 ya hariri kila mwaka. Haikufika, vita vikarudi, na 1618 ikashushwa hadi 100.

Nguzo za mpaka? Zilikuja kusimikwa 1914, Waingereza na Warusi wakiwa ndani ya tume.