Mpwa wangu kanikalisha

Mpwa wangu yuko likizo, kaja hapa Nkuhungu na flashi yake. Mchana jua la Dodoma limewaka, kutoka nje ni kujitafutia vumbi tu.

Basi nikakamatwa.

"Mjomba, kaa tuangalie New Moon." Filamu ya 2009, ile ya pili ya Twilight. Ya kwanza sijaiona na sikuwa na mpango huo.

Nikakaa. Ubuyu mkono mmoja, simu ya kuzugia mkono wa pili.

Jamani, Edward ni vampaya, ana miaka zaidi ya mia, na bado yuko sekondari! Anamwacha mpenzi wake Bella msituni, huyoo, kaondoka. Halafu Jacob, rafiki yake Bella: binti kaanguka na pikipiki, kichwa kinavuja damu, kijana anavua fulana nzima kumfuta. Mpwa akapiga yowe. Mimi nikawaza, lile doa litatoka kweli?

Nilicheka hadi pale Bella anapokaa kwenye kiti, dirishani. Kamera inamzunguka taratibu.

Oktoba.
Novemba.
Desemba.

Nje msimu unageuka, yeye hajasogea.

Nikaacha kutafuna.

Niliwahi kukaa hivyo, miaka hiyo, barazani, macho barabarani. Wanapita mbuzi wa jirani tu.

"Mjomba, unalia?"

Nikamwambia ni ubuyu, una pilipili.

Filamu bado siipendi, mbwa mwitu wakubwa kama ng'ombe! Ila ya tatu nimemwambia asianze bila mimi.

Mlioiona, mko kwa Edward au Jacob? Mimi niko kwa baba yake Bella, maskini, hakuna anayemuuliza.