Njaa ndani ya gogo

Agosti ile, katika misitu ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, nilikabidhiwa shoka kwa mara ya kwanza. Profesa alinionyesha gogo lililolala unyevuni, limeoza hadi linabonyea kwa kidole gumba, akasema, "Pasua taratibu. Humo ndani kuna familia."

Nilidhani anatania. Mende nilikuwa nawajua kama wanavyojulikana na wengi: kwa kandambili.

Gogo lilipoachana, nikaona njia iliyochimbwa ndani ya mti, na ndani yake mende wawili wakubwa, weusi wa kuelekea wekundu, hawana mbawa hata dalili. Mmoja hakukimbia. Aligeuka akaiziba njia kwa mgongo wa kifua chake, mgumu kama ngao. Nyuma yake walijazana watoto weupe pe, laini, vipofu. Hao ndio Cryptocercus punctulatus, mende walao miti: baba na mama hukaa pamoja gogoni, huzaa kundi moja tu la watoto, kisha huwalea kwa miaka mitatu au zaidi. Hawazai tena.

Siku mbili baadaye Profesa aliondoka kwa wiki moja, nami nikapata wazo. Nilitaka kuwahesabu watoto na kuwapiga picha bila wazazi kuniingilia. Nikawahamishia kwenye kopo lao, wote 19, nikawajazia vipande vya gogo lilelile, sehemu laini kuliko zote, nikanyunyiza maji. Nilijiona mwerevu kweli: chakula tele, giza, unyevu, na hakuna mkubwa wa kuwakanyaga.

Siku ya tatu walikuwa wamepungua mwendo. Siku ya tano nikaanza kuokota maiti. Nilibadilisha mbao, nikaongeza maji, nikapunguza maji. Nilishuku ukungu, nikashuku hata kopo. Walikuwa wanakufa njaa huku wamelalia chakula, na mimi nahangaika na kifuniko.

Profesa aliporudi alilitazama kopo kwa muda mfupi tu.

"Wanakula nini?"

"Mbao, Profesa."

"Nani anawayeyushia?"

Hapo moyo ulinishuka. L. R. Cleveland na wenzake walikwisha kueleza jambo hilo mwaka 1934, na kazi yao nilikuwa nimeisoma, tena kwa kupigia mistari. Mende huyu hawezi kuishi kwa mti peke yake. Utumbo wake wa nyuma umejaa viumbe wa seli moja, ambao ndio wanaovunja selulosi, zile nyuzi ngumu za mti. Mtoto anapoanguliwa hana hata mmoja. Huwapata kwa kunyonya majimaji yanayotoka kwenye njia ya haja ya mzazi, na kwa muda mrefu majimaji hayohayo ndiyo chakula chake. Jambo la kukirihisha, najua; lakini ndiyo maziwa yao.

Profesa hakunigombeza. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kunieleza habari za mchwa, nami masikio yakiwa nusu kwake, nusu kwenye kopo. Mwaka 2007 Daegan Inward na wenzake, baada ya kulinganisha jeni, waliandika kwamba mchwa ni mende, na kwamba hawa wa magogoni ndio ndugu zao wa karibu kuliko wote. Mtoto wa Cryptocercus akishapata viumbe wale hubaki nao hata anapojivua ngozi, kwa hiyo siku moja anaweza kuondoka nyumbani. Mchwa anayetegemea viumbe kama hao huwapoteza kila anapojivua, akalazimika kuomba tena kwa ndugu. Hapo ndipo aliponitajia hoja ya Christine Nalepa, aliyewachunguza mende hawa kwa miaka mingi: kwamba huenda maisha ya kijamii ya mchwa yalianza pale kazi ya kulisha wadogo ilipohamia kwa kaka na dada zao, wazazi wakapata nafasi ya kutaga tena.

"Lakini hao wako," akasema akilinyoshea kidole kopo, "hawana kaka wala dada mkubwa. Wana wale wawili tu."

Walikuwa wamebaki wanne. Niliwabeba mmoja mmoja kwa brashi laini ya rangi, nikawaweka kwenye sanduku la wazazi, nikafunika tochi kwa karatasi nyekundu, nikasubiri. Mmoja hakusogea tena. Watatu walipapasa kwa vipapasio, wakapotea njia, wakarudi, hatimaye wakajisukuma chini ya tumbo la yule aliyekuwa karibu. Nilisogeza uso nione kama wananyonya. Sikuona vizuri, kwa sababu yule mzazi wa pili alikuwa ameshageuka akaiziba njia kwa kifua chake, ameelekea kwangu.