Mtaa uleule, macho mapya

Wengi wetu huku ughaibuni tunaujua mtaa tunaoishi kama njia ya kwenda kazini na kurudi. Mwendo wa haraka, simu mkononi, basi limekaribia. Mimi siku hizi nautembea kwa ajili ya kuutazama tu, na nimeshikilia mzunguko mmoja, makusudi. Mahali usipopazoea huwezi kujua kilichobadilika tangu jana.

Kwetu sisi tuliokulia karibu na ikweta, kubwa zaidi la kutazama ni nuru. Kule mchana huwa na takriban saa 12 mwaka mzima. Huku kaskazini jua lenyewe linahama. Mwezi Desemba hupita chini hata adhuhuri, kivuli cha mlingoti wa taa kikavuka barabara nzima na kupanda ukuta wa upande wa pili. Matofali ambayo mwezi Juni huna sababu ya kuyaangalia yanawaka rangi ya shaba. Sisemi baridi ni raha. Giza la saa kumi jioni linalemea moyo, nami bado linanilemea. Lakini ule mwanga mfupi wa mchana naupenda kuliko wa kiangazi, na siku ukitokea natoka hata kama nina kazi ya kumalizia.

Majani nayo yana habari yake. Ile njano inayotushangaza yakikaribia kupukutika ilikuwamo ndani muda wote, imefunikwa na kijani cha klorofili. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, njano ikajitokeza. Wekundu ni jambo jingine: miti mingi huutengeneza wakati huohuo wa mwisho. Sogea karibu uangalie pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Mara nyingi utakuta kichipukizi kidogo, kigumu, kimefungwa kwa magamba. Hilo ni jani la mwaka ujao, limeshakaa tayari kabla hili la sasa halijaanguka. Nikikiona huwa nasimama, baridi au si baridi.

Halafu kuna yale madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa kwenye kuta za mawe, ambayo wapita njia huyachukulia kama rangi iliyochakaa. Ni viumbe hai: kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Baadhi hukua kama milimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo doa la upana wa kiganja huenda lilikuwapo kabla wakazi wengi wa mtaa huo hawajazaliwa.

Vipokea sauti vya masikioni viache nyumbani, hasa theluji ikianguka usiku. Theluji mpya imejaa vijitundu vya hewa vinavyomeza sauti, hata magari yanasikika kama yako mbali.

Na majirani wataanza kukuona. Mtu anayepita taratibu saa ileile hupewa ishara ya kichwa kwanza, baadaye neno, baadaye mnajuana majina.

Ndugu uliyewasili karibuni, usisubiri joto. Anza sasa miti ikiwa mitupu, toka mchana, vaa viatu vyenye soli inayoshika barafu, na usiende mbali. Kona mbili tatu zinatosha, mradi usimame kila kitu kinapokuvuta macho.